Mjumbe Asiyejua Kusoma

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi, na hekima hiyo ilinitosha muda wote ambao wajumbe niliowajua walikuwa na masikio mawili na hofu ya Mungu. Lakini tangu nilipokabidhiwa, katika ofisi moja ya mjini Tanga yenye matawi Pangani, Muheza, Korogwe na Lushoto, skripti iliyoachwa na mtangulizi wangu, nimekuwa nikijiuliza kama wahenga hawakuharakisha hukumu. Kazi ya skripti ile ilikuwa nyepesi: kila alfajiri iamke pasipo kuamshwa, iite kompyuta ya kila tawi kwa amri ya ping, iyakusanye maneno yote yatakayotamkwa na amri hiyo, iyahifadhi katika faili, kisha iwapelekee wakubwa barua pepe ya kuwaarifu tawi lipi lina mtandao na lipi limekatikiwa.

Ping yenyewe sina neno nayo. Aliyeiandika, Mmarekani Mike Muuss, aliifanya kazi hiyo kwa jioni moja tu, Desemba 1983, alipokuwa mtumishi wa maabara ya jeshi la nchi kavu, na jina akaliazima kwa mlio wa kile chombo cha manowari kipelekacho sauti majini na kungoja mwangwi wake. Ndivyo ifanyavyo ping: hutuma pakiti ndogo, hungoja jawabu, huupima muda uliopita, kisha huutangaza kwenye skrini. Lakini iliumbwa izungumze na mtu mwenye macho ya kuona na akili ya kung'amua, na yote yaliyotufika yalitokana na kuiketisha skripti mahali pa mtu huyo.

Msiba wa kwanza ulikuja pale ofisi ilipoiacha Windows na kuhamia Linux. Katika Windows ping huita mara 4 kisha hunyamaza kwa adabu, bali katika Linux, isipokatazwa, huita mpaka Kiyama au mpaka mtu abonyeze Ctrl na C, lolote litakalotangulia. Skripti, kwa kuwa haikupewa ruhusa ya kwenda tawi la pili kabla la kwanza halijamaliza kusema, ilikaa ikiisikiliza Pangani kwa subira ambayo mja angelipwa pepo kwayo. Muheza, Korogwe na Lushoto hazikujuliwa hali, na barua pepe haikutoka. Mkuu wetu alipouliza ripoti yake iko wapi, nilimjibu kwa taadhima kwamba inaandikwa, na nilisema kweli tupu, kwani ilikuwa ikiandikwa saa ile ile, tena kwa bidii ambayo hajapata kuiona kwa karani yeyote. Dawa yake ni herufi c baada ya kistari, ikifuatwa na idadi ya miito.

Tulipoiwekea kikomo ikazuka kadhia ya faili jeupe. Fundi wa Lushoto aliibadilisha jina kompyuta ya huko pasipo kumwarifu mtu, na ping, ilipoliita lile jina la zamani, ikalalamika kwamba hailijui. Sasa programu za ukoo wa Unix zina mikondo miwili ya kutolea maneno, wa 1 kwa majibu na wa 2 kwa malalamiko, ilhali skripti yetu ilikuwa imeukinga ule wa kwanza peke yake. Malalamiko yote yakamiminika kwenye skrini, alfajiri, ndani ya chumba kilichofungwa, yasisikiwe na yeyote ila feni. Na skripti, ilipoona faili halina neno baya, wala jema, wala neno lolote, ikaarifu kwamba Lushoto hakuna malalamiko. Ni hoja niliyokwisha kuizoea katika mikutano mikuu ya vyama, ya kwamba asiyesema ameridhika. Tiba ni andiko fupi, 2>&1, liuamurulo mkondo wa pili uungane na wa kwanza; sura yake ni ya hirizi, na simlaumu ainakiliye bila kuielewa, mradi aiweke baada ya jina la faili, maana ikitangulia haimkingi.

Lakini iliyotutia aibu mbele ya watu ni sifuri. Ping imalizapo hutoa hesabu ya pakiti zilizopotea kwa asilimia, na mtangulizi wangu, mtu msomi, aliiagiza skripti itafute 0% katika maneno hayo, na ikiiona iandike kwamba mtandao ni salama. Hakukumbuka kwamba penye 100% pia pana 0%, imejikunyata mwishoni, na skripti ijuayo herufi isiyojua hesabu haiulizi kilichotangulia. Basi tawi lililopoteza pakiti zote likasifiwa sawasawa na lile lisilopoteza hata moja, na lililopoteza nusu likasifiwa nalo. Maskini lililopoteza robo ndilo lililotiwa ila.

Asubuhi moja simu ikalia kutoka Pangani, naye alikuwa karani wao mkuu, mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata. Inasema Pangani mtandao ni salama."

"Alhamdulillahi."

"Nimeisomea kwenye simu ya mjukuu wangu, huku nje chini ya mwembe, maana ofisini hakuna mtandao tangu jana. Sasa nakuuliza, hiyo salama ni ya Pangani hii, au iko nyingine?"

Kumbe jawabu lilikuwapo siku zote. Ping ya Linux, ikamilishapo miito yake, huacha nyuma namba isiyoonekana kwenye skrini: 0 ikiwa umepatikana walau mwitikio mmoja, 1 ikiwa haukupatikana, 2 pakiwa na hitilafu nyingine. Maneno yamewekewa watu, na namba hiyo imewekewa skripti. Nikaikataza kusoma, nikaiamuru iulize namba, na alfajiri iliyofuata ripoti ikatoka na ukweli wake wote, Pangani hamna, Lushoto hamna.

Mkuu akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Bwana fundi," akasema, "tangu uishike skripti hii mtandao wetu umeharibika sana." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ile ya zamani bado ninayo, kwani mwisho wa mwezi alikuwa na taarifa ya kupeleka makao makuu.