Sifa za Karatasi ya Baraza

Wilaya ya Rungwe ina mvua isiyochoka na ndizi zisizohesabika, na karibu kila kitu chake kimeshapata msifiaji. Chai imesifiwa, Daraja la Mungu limepigwa picha za kutosha, Mlima Rungwe una wageni wake. Ila karatasi ya baraza la usuluhishi wa ndoa, ile hati inayosema kwamba wazee wamekaa, wamesikiliza, wamepatanisha na wameshindwa, haijatungiwa hata ubeti mmoja. Naomba leo niwe manju wake.

Asili yake ni ya heshima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inakataza mtu kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita barazani, na baraza likathibitisha kuwa limeshindwa kusuluhisha. Itazame busara hiyo. Hati nyingine zote tulizonazo kabatini zilitolewa kwa kufaulu: ya shule, ya ubatizo, ya udereva. Hii peke yake hutolewa kwa kushindwa, na wazee sharti wakiri kwa muhuri kwamba wameshindwa kweli. Ndiyo maana hawana haraka ya kuitoa.

Lakini fadhila yake kuu ni kukutanisha watu. Chukua mke na mume ambao hawajasalimiana tangu mwaka juzi, mmoja yuko Kinyala na viazi vyake, mwingine amehamia Uyole kwa mama mwingine. Hakuna padri wala mchungaji aliyeweza kuwaketisha benchi moja. Wakitaka kuachana, karatasi inawaketisha. Haiishii hapo. Inamwita kaka wa mke, aje aseme alichosikia. Inamwita shangazi wa mume, aje akanushe. Mshenga aliyepeleka posa enzi hizo, ambaye watu walidhani amekwishafariki, anafufuka na fimbo yake na kudai soda. Mzee wa kanisa anakuja kwa sababu ndiye aliyewafundisha ndoa, na jirani anakuja kwa sababu anaona wenzake wanakwenda. Mvua inaposhuka, na Tukuyu haikosi kushuka, ukoo wote unasongamana chini ya bati moja, na wale wawili wanaotaka kutengana wanajikuta wamebanwa ukutani bega kwa bega, jambo ambalo ndoa yenyewe haikulifanikisha kwa miaka mingi. Mama lishe akaona fursa, akahamishia sufuria zake hapo nje. Kwenye harusi ya dada yangu hawakujaa watu namna ile, tena harusini tulitoa chakula bure. Nimeshuhudia kijana na binti wakianza kutazamana kwenye foleni ya talaka ya wajomba zao, na sina shaka uchumba ule utafika mbali. Baraza hapo linajiandalia wateja.

Sifa ndogondogo nitazipitia tu. Karatasi hii hufundisha subira. Huwapa riziki vijana wa bodaboda. Muhuri wake una rangi nzuri ya bluu. Na haina majivuno ya kuishi milele: ombi la talaka lazima liambatane na hati isiyozidi miezi sita tangu itolewe, yaani takribani misimu miwili ya viazi mviringo. Ukichelewa kwa kuuguza mtoto au kutafuta ada ya mahakama, inakufa, nawe unarudi kwa wazee kuwaomba washindwe upya.

Mababu zetu Wanyakyusa hawakuwa na utukufu huu. Kumbukumbu zao za talaka zilikuwa ng'ombe. Monica na Godfrey Wilson, waliokaa huku kufanya utafiti miaka ya 1930, waliandika habari hiyo kirefu: ndoa ilifungwa kwa ng'ombe, na ikivunjika ng'ombe walirudishwa, mara nyingi wakitoka kwa mume mpya. Ukitaka kujua kama fulani ameachika, unatazama zizi. Leo anayetaka kuolewa tena anaombwa ushahidi wa talaka, anapanda hadi masijala, anaambiwa faili lilikwenda Mbeya kwa rufaa na aliyelipeleka amehamishwa. Ng'ombe hata akipelekwa Mbeya, mtu atamwona.

Hapa naomba niweke zumari chini kidogo. Dada yangu aliitwa barazani, akaenda. Mumewe aliitwa, hakwenda. Ikapangwa Alhamisi nyingine, hakwenda. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma: "Mama, bila mwenzio tutasuluhisha nini? Njoo wiki ijayo." Naye, kama alivyolelewa, akajibu, "Ndaga fijo, baba," yaani asante sana, akaondoka kwa miguu kwenye tope. Sasa, kifungu kilekile cha 101 kinasema kwamba aliyeitwa na baraza akakataa makusudi kufika, hawezi kumzuia mwenzake kwenda mahakamani. Kinasema hivyo pia kwa aliyetelekezwa asijue mwenzake yuko wapi, na kwa ambaye mwenzake amefungwa miaka mitano au zaidi. Imeandikwa tangu 1971! Hakuna aliyemwambia. Nilipouliza kama nakala ya sheria ipo ofisini, nilionyeshwa kabati lenye kalenda ya zamani na daftari la michango.

Na ole wake anayeipata karatasi ikiwa na sura nyingine. Kanuni za mabaraza za mwaka huohuo zina Fomu Namba 3, na hiyo ndiyo hati yenyewe. Makatibu wengi hawajapata kuiona, kwa hiyo huandika barua: Mheshimiwa Hakimu, tunakuletea hawa, sisi tumeshindwa. Kiswahili safi, muhuri umekaa sawa. Hakimu anaipokea, anasikiliza mashahidi, anavunja ndoa na kugawa mali. Mume anakata rufaa. Jaji anafungua faili, anatafuta fomu, anakuta barua. Mwenendo wote unafutwa, na mwanamke aliyelala akiwa ameachika anaamka akiwa mke wa mtu. Mashauri ya namna hiyo yamefutwa Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani nayo imelisimamia sharti la hati. Siwalaumu majaji, wamesoma kilichoandikwa. Nawauliza waliotakiwa kuchapisha fomu na kuwafunza makatibu: kosa ni lenu, mbona gharama analipa mama wa Kinyala?

Yupo lakini anayefaidi. Karatasi isipotoka, aliyebaki ndani ya nyumba anaendelea kubaki. Parachichi anauza yeye, chai inapimwa kwa jina lake, na kila Alhamisi asiyokwenda barazani ni Alhamisi ya mapato. Wazee wanaita hilo kuipa ndoa nafasi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu. Shemeji yangu sidhani kama amelisikia shauri hilo, wala hakulihitaji.

Maana siku ya kuzungumzia mali, yule bwana asiyeona wito hata mmoja, ambaye simu yake haikuwa na mtandao na pikipiki yake haikuwa na mafuta, alifika kabla ya karani kufungua mlango. Alikuwa amevaa koti. Kwapani alibana faili, na ndani yake mlikuwa na risiti za mabati, za saruji, za misumari, za miche ya chai, zote kwa jina lake, zimepangwa kwa tarehe, hakuna hata moja iliyopotea.