Muulize Bibi Somo: Shujaa Wangu Hapendwi

Safu hii inapokea matatizo ya mapenzi ya vitabuni. Ya nyumbani pelekeni kwa mashangazi zenu, nao wana haki ya kunywa soda.

*Shikamoo Bibi Somo. Natunga riwaya ya mapenzi, nairusha kila Ijumaa kwenye grupu la WhatsApp. Shujaa wangu ni mhandisi wa mtambo wa gesi pale Madimba. Ni mrefu, ana Prado, hanywi, hasemi uongo, na hana pengo hata moja. Sura ya 4 nilihitaji mtu wa kuwavusha Ruvuma yeye na mpenzi wake, nikaweka nahodha wa mashua, mistari michache tu. Tangu siku hiyo akina dada hawaniulizi habari za mhandisi. Wanauliza, "Nahodha yuko wapi?" Nimuue? — Mtunzi, Mikindani*

Marahaba mjukuu wangu. Ukimuua nahodha, grupu zima litahama, mtabaki wewe na mhandisi wako mkitazamana.

Hiyo sura uliyonitumia nimeisoma. Mhandisi anashuka garini pale Kilambo, anataka kuvuka saa hiyohiyo kwa sababu ana haraka na ana fedha. Nahodha anatazama maji, anamwambia haiwezekani: maji yanakupwa, mafungu ya mchanga yameanza kuchomoza, mashua itakwama katikati, na mamba wa mto ule hawaulizi mtu kitambulisho. Mhandisi anaongeza noti. Nahodha anaendelea kutia kalafati. Halafu, bila kuambiwa na mtu, anamsogezea msichana kiroba cha kukalia kivulini.

Wewe ulidhani unaandika habari za mto, kumbe umeandika mwanamume anayeijua kazi yake, asiyenunulika, tena aliyegundua kwamba kuna mtu amesimama juani. Mhandisi umempamba sura nne nzima na bado hajafanya jambo. Ana sifa tu, na hakuna msichana aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya orodha ya sifa.

Tena nisikufiche, kwa mji huu umechagua kazi ngumu. Miaka ile ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijazinduliwa mwaka 2015, tuliwaona wageni wenye vitambulisho shingoni. Kodi za nyumba zilipanda, hoteli zikaota. Wengine walikuwa watu wazuri, wakaoa, wako nasi hadi leo. Wengine mkataba ulipokwisha, simu nayo ikazimwa. Msomaji wako anayajua hayo. Ukimletea mhandisi asiye na doa, swali lake la kwanza ni hili: huyu anaficha nini?

Mpe kosa, na kosa limgharimu. Jane Austen wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1813, alimpa Darcy mali na jumba, kisha akampeleka kuposa kwa majivuno. Msichana asiye na urithi akamkatalia mbele ya uso wake. Kuanzia hapo tunasoma habari za mwanamume aliyeambiwa hapana, anayejirekebisha bila kuahidiwa kitu. Mali alikuwa nayo tangu ukurasa wa mwanzo, na haikumsaidia. Huku kwetu mtazame Denge wa Adam Shafi, katika *Vuta N'kuvute* ya mwaka 1999. Yasmin ameozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa umri wa kumzaa. Moyo wake unakwenda kwa Denge, ambaye biashara yake ni kumng'oa mkoloni na ambaye polisi hawambanduki. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, na Denge akawapata wapenzi wapya. Anavutia kwa sababu Yasmin hana uhakika kama yeye ndiye wa kwanza moyoni mwake. (Mjukuu wangu simwozi kwa Denge. Lakini kitabu atakisoma, na mlango wa chumba nitamfungia ili asome kwa raha.)

Kwa hiyo mrudishe mhandisi Kilambo. Afunge mkoba wake wa noti, akae chini asubiri maji yajae, avuke kwa nauli ya watu wote. Njiani amuulize nahodha jambo, na asikilize jibu. Ukiona bado akina dada wanamtaka nahodha, basi kubali: umepata shujaa, ila ulikosea kumchagua.

*Bibi, shujaa lazima awe na kifua cha mazoezi? — Chipukizi, Nanyamba*

Mpe gunia la korosho alibebe hadi ghala la AMCOS. Kifua kitajitokeza chenyewe, na usikitaje tena.

*Shikamoo. Mke wangu husoma hadithi za mapenzi kwenye simu usiku. Akiizima ananitazama, anaguna, anageukia ukutani. Mimi ni mkulima wa mikorosho. Ikifika Juni nina salfa mpaka kwenye kope. Nifanyeje niwe kama hao wanaume? — Baba Watatu, Masasi*

Marahaba baba. Kwanza oga.

Pili, usijilinganishe na watu ambao maneno yao yanatungwa na mwingine, tena kwa mwezi mzima. Hao hawaumwi tumbo, hawadaiwi michango ya shule, na salfa hawaijui. Kwa umri wako nahisi somo la mapenzi ulilipata kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba: suti, bastola, mwanamke anaingia, mwanamke anatoka. Musiba alikuwa fundi wa hadithi za ujasusi, simtoi kasoro. Ila katika vitabu vile mwanamke yumo njiani, kazi iko mbele. Mkeo anasoma vitabu ambamo mwanamke ndiye kazi yenyewe.

Muulize leo ni sura gani aliirudia mara mbili. Nina hakika haitakuwa ile ya hoteli ya Zanzibar. Itakuwa ile ambayo mwanamume alikumbuka kitu kidogo alichoambiwa zamani. Akikusimulia, usisinzie. Hapo utakuwa umeshampita nusu ya mashujaa wa simu yake.

*Bibi, riwaya ninazozipenda mwanamume anamvuta binti mkono, anamfungia mlango, baadaye anasema ni mapenzi yalimzidi. Napenda kuzisoma, lakini mtu akinifanyia hivyo nitapiga yowe Msimbati nzima isikie. Nina kasoro? — Msomaji*

Huna. Kitabu unaweza kukifunga, mwanamume aliyefunga mlango huwezi. Mwingereza E. M. Hull alitunga *The Sheik* mwaka 1919, shekhe anamteka binti jangwani, na miaka miwili baadaye Rudolph Valentino akaicheza kwenye sinema, kumbi zikajaa wanawake. Naamini hata mmoja wao hakutaka kutekwa akirudi nyumbani. Ila ukianza kutunga wewe, jaribu hili: binti aseme "sitaki" mapema kabisa, uone shujaa wako anafanya nini. Asipoacha, huna shujaa, una kesi.

*Shikamoo Bibi Somo. Riwaya yangu inaisha kwa shujaa kuhamia kwao msichana, Tandahimba, na kulima shamba la ukweni. Mhariri wa Dar es Salaam anasema mwisho huo unamdhalilisha mwanamume. Anataka amhamishie binti Masaki, kwenye jumba lenye geti. Nibadili? — Mwalimu, Newala*

Marahaba mwalimu. Usibadili hata nukta.

Mweleze mhariri kwamba huku kwetu Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo waliufuata kwa mama. Mtoto ni wa litawa, yaani ukoo, la mama yake, mjomba ndiye mwenye kauli, na kwa mila za zamani aliyefunga mizigo akahama ni bwana harusi. Dini, shule na hiyo mikorosho inayodumu miaka mingi ardhini vimegeuza mengi, na siku hizi wengi wanahamia kwa mume. Lakini mtunzi aachie utajiri huu kwa sababu ya geti?

Masaki nani atampima huyu mwanamume? Nyumba yake, mlinzi wake, binti ndiye mgeni. Tandahimba mgeni ni yeye. Shemeji wanahesabu matuta aliyopalilia, mama mkwe anasikiliza anavyobisha hodi, na anaweza kufungashiwa virago asubuhi yoyote. Anapenda mahali ambapo anaweza kufukuzwa, na kila ukurasa unatisha. Hata Shaaban Robert alimtoa shujaa wake Utubora ofisini akampa jembe, na sijasikia aliyesema amedhalilika.

Nina lawama moja tu: mjomba wa binti katika riwaya yako anakubali haraka mno. Mjomba gani huyo? Anyamaze msimu mzima. Kijana apulize salfa, aokote korosho, zipelekwe mnadani, alete stakabadhi. Mjomba aisome, aikunje, aulize kama mwakani ataweza kufyeka na ule upande wa bondeni. Weka nukta hapo. Mhariri akikataa, nitumie namba yake.