Maestro wa Memorial

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno "kusini". Kwetu Tanga, ukimwambia mtu unakwenda kusini anaelewa Lindi na Mtwara: korosho, pweza, na feni inayozungusha hewa ya moto usiku kucha. Kwa hiyo binamu yangu anayesoma Lisbon aliponiambia nije Januari, kwamba nauli ya ndege imeshuka, na kwamba naweza kutoka pale taratibu kwa treni, begi mgongoni, nikapita kusini mwa Ulaya mpaka Sicily, mimi nilisikia Lindi. Mama naye alisikia Lindi. Alinifungia kikoi na chupa ya mafuta ya nazi, kifurushi kizima akakikaza kwa kamba ya katani. Nilipokifungua Lisbon, mafuta yalikuwa yameganda ndani ya chupa, meupe kama mshumaa. Ningekuwa mwerevu ningegeuka siku ile ile.

Koti nilikuwa nalo. Nililinunua Moshi, soko la mitumba la Memorial, ambako hata wapagazi wa Kilimanjaro huokotea majaketi. Lilikuwa jekundu, zito, na mgongoni limeandikwa kwa herufi nyeupe za ukubwa wa kiganja: MAESTRO DI SCI. Nilimuuliza muuzaji maana yake. "Kaka, hiyo ni kampuni," akasema kwa uhakika wa daktari bingwa. Nikalipa.

Bima ni sharti la visa: kila anayeomba ya Schengen lazima awe na ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nikiwa mgonjwa, basi, nilikuwa na thamani ya euro 30,000. Nikiwa mzima nilikuwa na mia tisa, za wiki tatu.

Lisbon ilinifundisha jambo ambalo vitabu vya utalii havilisemi wazi. Ulaya ya kaskazini baridi iko nje. Ulaya ya kusini baridi iko ndani. Nyumba nyingi zimejengwa kuogopa Agosti: sakafu za vigae, kuta nene, madirisha yanayopitisha upepo kwa ukarimu, na hita ni kitu cha jirani. Binamu yangu alikuwa akifungua kitabu chake cha uchumi amevaa glavu. Mchana, jua likitoka, mtaa mzima ulihamia kwenye mabenchi kuota, wazee kwa vijana, kama mijusi juu ya ukuta wa boma.

Ndipo nikapanda treni ya kwanza, na chini ya kiti, ubavuni mwa behewa, kulikuwa na bomba linalotoa joto. Nilivua glavu. Nikavua skafu. Baada ya robo saa nikahisi masikio yangu yamerudi nyumbani. Tangu siku hiyo watu wamenisifu kwa falsafa ya kusafiri polepole, kwamba nimekataa haraka za dunia, nimechagua treni ndogo zinazosimama kila kituo. Ukweli ni kwamba treni ya saa saba ina joto la saa saba, na ile ya haraka inakushusha kwenye baridi mapema.

Polepole hiyo nayo wakati mwingine huna hiari nayo. Lisbon na Madrid ni miji mikuu ya nchi jirani, lakini treni ya usiku iliyoiunganisha ilisimamishwa Machi 2020, wakati wa korona, na nilipofika mimi ilikuwa haijarudi. Unaruka kama chura: Lisbon hadi Entroncamento, Entroncamento hadi Badajoz upande wa Uhispania, kisha uendelee. Badajoz ndipo saa iliponishinda.

Sisi Waswahili tayari tuna kibarua mbele ya saa ya kituo: ukiona 15:00, unatoa sita, unapata saa tisa. Mimi hesabu hiyo naifanya hata usingizini. Lakini Ureno iko nyuma ya Uhispania kwa saa moja, na simu nilikuwa nimeizima kutunza chaji, nikitegemea saa ya mkononi niliyoirekebisha Lisbon. Nilitoa sita kwa ustadi kabisa. Kuongeza moja nikasahau. Nikaketi kwenye benchi nikijua nina saa moja na dakika kumi za kula mkate wangu, na wakati nakula, treni moja ikaondoka pole pole mbele yangu. Mtoto mdogo alikuwa dirishani. Nikampungia mkono. Niliipungia mkono treni yangu mwenyewe, na tiketi yake iko mfukoni.

Nilifika Mérida usiku, viatu vimelowa mvua. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa bibi mmoja mfupi, mkarimu, ambaye alinionea huruma akanikalisha kwenye meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito mpaka chini. Ile meza wanaiita *mesa camilla*, na siri yake iko chini: kuna jiko. Zamani lilikuwa la makaa, siku hizi ni la umeme, sahani ya mduara yenye nyaya zinazowaka nyekundu. Unaingiza miguu, unavuta kitambaa mpaka kiunoni, na nusu yako ya chini inahamia Pangani wakati nusu ya juu imebaki Uhispania. Bibi akaniletea supu. Nikala. Nikasinzia.

Kilichoniamsha ni harufu. Kwa adabu nikadhani ni chakula cha bibi kinaungua, nikanyamaza. Naye kwa adabu, nadhani, alidhani ni mimi. Tukatazamana. Hatimaye akanusa hewa, akainama, akainua kitambaa, akapiga yowe akiita "hijo", yaani mwanangu. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imelegea yote. Gundi ilikuwa imeyeyuka ikivuta nyuzi nyuzi kama jibini kwenye piza, na kidole gumba kilikuwa kinachungulia nje ndani ya soksi, chekundu, kikishangaa.

Asubuhi fundi viatu alipaka gundi, akanionesha kwa vidole nisubiri mpaka kesho. Treni ilikuwa ya leo. Kwa hiyo nilitoa ile kamba ya katani ya Mama, nikaizungusha mara nne kiatuni na kufunga fundo la mvuvi. Nilivuka daraja la Warumi juu ya mto Guadiana, mojawapo ya madaraja marefu kabisa ya Kirumi yaliyobaki duniani, nikiwa nimevaa bidhaa ya Tanga mguuni. Katani imara sana. Ilidumu mpaka Barcelona.

Mpakani mwa Ufaransa, treni ya Uhispania ikatushusha wote. Reli za kawaida za Uhispania na Ureno zina upana wa milimita 1,668, za Ufaransa 1,435, kwa hiyo kwenye vijiji viwili vya pwani, Portbou na Cerbère, treni nyingi hufika mwisho wa dunia yao. Abiria mmoja Mjerumani alilalamika sana. Mimi nilijisikia nyumbani: reli yetu ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, SGR ni 1,435, na pale Kidatu mzigo unashushwa huku unapakiwa kule. Cerbère yenyewe iliishi kwa kazi hiyo. Wanawake walibeba machungwa ya Uhispania kwa vikapu kutoka behewa hadi behewa, na mwaka 1906 wakagoma. Baada ya kubeba begi langu kwenye upepo wa pale kwa dakika kumi tu, nikawa upande wao kabisa.

Ufaransa sitaieleza. Ilikuwa na mvua na bei. Nitasema tu kwamba kituo cha Saint-Charles, Marseille, kina ngazi kuu zenye vidato 104 vya kuteremkia mjini, na kwamba soli ilifunguka tena kwenye kidato cha tatu. Paa, paa, paa, mara mia moja na moja. Nyuma yangu watoto wawili waliteremka wakinakili mwendo wangu kwa usahihi mkubwa. Nikanunua viatu vipya siku hiyo hiyo, na euro zangu zikapungua vibaya.

Halafu Italia, ambako koti lilianza kusema.

Italia, tiketi ya karatasi ya treni za mkoa haitoshi kuwa nayo. Lazima uigonge kwenye kimashine kidogo kilichopo kituoni kabla ya kupanda, ndipo iwe hai. Usipoigonga, mbele ya mkaguzi huna tofauti na aliyedandia. Mimi sikujua. Mkaguzi akaishika tiketi, akaigeuza, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuandika faini. Nikasimama kumpisha nitoe pasipoti kwenye begi la juu, nikampa mgongo. Kimya. Kisha nikasikia, kwa sauti nyingine kabisa: "Maestro?"

Nikageuka. Akanionesha koti. Akafanya kwa mikono ishara ya fimbo mbili na magoti yaliyopinda. Ndipo nikaelewa, miezi miwili baada ya Memorial, kwamba mgongoni nimeandikwa mwalimu wa kuteleza kwenye theluji. Akaniuliza nafundisha mlima gani. Nami, Mungu anisamehe, nilijibu kitu cha kwanza kilichonijia.

"Kilimanjaro."

Koti lilitoka pale, sikusema uongo. Yule bwana alicheka mpaka akaegemea kiti, akatoa kalamu, akaandika tarehe na saa kwenye tiketi kwa mkono wake, akaenda kuwasimulia wa behewa la pili. Tangu hapo kila aliyepita alinisalimu "Maestro" kwa heshima ambayo kwetu huipata mwalimu mkuu tu.

Lakini hadhi haipashi chumba joto. Roma, nikiwa nimejifunga kikoi cha Mama kichwani, nilimuuliza mwenye chumba mbona hita imekufa. Akanieleza kwamba hita haijafa, inatii sheria. Tangu 1993 nchi imegawanywa kanda sita, A mpaka F, kwa kadiri ya baridi, na karibu kila kanda ina tarehe zake na saa zake za kuwasha hita za majengo. Milan, kaskazini, kwa kawaida saa 14 kwa siku. Roma 12. Napoli 10. Catania, nilikokuwa nakwenda, 8, tena kuanzia Desemba mosi hadi Machi 31. Nikatazama ramani yangu. Kila nilipoteremka kituo kimoja kwenda kusini kutafuta joto, nilikuwa najinyang'anya saa mbili za joto kisheria.

Hata hivyo nikapanda treni ya usiku ya Sicily, chumba cha vitanda vinne, joto safi, nikalala fofofo. Niliamka gizani. Treni ilikuwa imesimama, lakini haikutulia: iliyumba. Minyororo ikagonga chini yetu, chuma kikalia juu ya chuma, na dirishani hapakuwa na nyota, hapakuwa na taa, palikuwa na ukuta. Nikakumbuka kila tetemeko la ardhi nililowahi kusoma kuhusu Messina. Nikapiga shahada, kwa sauti, kwa sababu kwa hali ile niliona si wakati wa kunong'ona.

Kutoka kitanda cha chini sauti ya bibi mmoja ikasema, kwa uchovu: "Nave. Nave." Meli.

Treni ilikuwa imepanda meli. Pale Villa San Giovanni huikata vipande, husukuma mabehewa mpaka tumboni mwa feri, huvusha mlangobahari, kisha huiunga tena Messina. Bibi alinishika mkono akanipandisha ngazi mpaka sitahani, akanunua vitu viwili vya moto kwenye karatasi, akanipa kimoja: donge la wali lenye nyama katikati, limekaangwa, kama katlesi iliyoamua kuwa na maisha mazuri. "Arancina," akasema bibi, mtu wa Palermo. "Arancino," akasahihisha kijana wa Catania aliyesimama karibu. Wakaanza kubishana saa kumi na mbili asubuhi kama tonge ni la kike au la kiume. Wakanigeukia Maestro niamue. Lugha yangu haina jike wala dume, ina ngeli, na ningependa kuwaeleza, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Yule kijana wa Catania alinipeleka mwenyewe kwa mjomba wake mwenye vyumba vya kupangisha. Nilipaswa kushtuka walivyonipokea vizuri mno. Asubuhi iliyofuata mjomba, kijana, na wapwa watatu walikuwa wamejaa kwenye gari dogo, mbao za kutelezea zimefungwa juu ya paa, honi inalia mtaani: "Maestro! Etna!"

Nilikuwa nimesafiri kilomita maelfu kwenda kusini, mpaka karibu ardhi ya Ulaya iishe, na kule mwisho wamenipeleka kwenye theluji. Njiani nilijaribu kukiri. Nilivuta koti, nikasema "usato, usato", yaani limetumika. Mjomba akaitikia kwa kichwa kwa hisia: mwalimu mwenye uzoefu, bila shaka koti limetumika.

Wakanifunga mbao miguuni. Wapwa wakajipanga kwa urefu, wakisubiri somo. Nikasimama wima, nikapinda magoti kama yule mkaguzi wa tiketi alivyofanya, na mlima ukaanza kunirudisha nyuma. Si kwa kasi, sitaki kutia chumvi. Nilirudi nyuma kwa mwendo wa treni ya mkoa, uso wangu kwa wanafunzi, nikapita mti, nikapita mbwa, nikapita familia iliyokuwa inamenya machungwa kando ya gari lao. Walinitazama. Sikujua la kufanya. Nikawapungia mkono.

Nililala kwenye lundo la theluji nikitazama juu, na simu ikaita kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umeshafika huko kusini?"

"Nimefika, Mama. Ndiyo mwisho huku."

"Afadhali. Na joto lipo?"

Juu yangu kilele cha Etna kilikuwa kinafuka moshi, taratibu, kama jiko la mtu ambaye bado anapuliza.

"Moto upo, Mama," nikamwambia. "Uko mbali kidogo."