Ngozi ya Gogo

Harufu ndiyo iliyonipokea. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Agosti 11, 2025, nikitoka sokoni na sukuma wiki mkononi, na uani kwetu hapa Bondeni, Nakuru, kulinuka kama machinjioni. Beseni langu la nguo lilijaa maji ya sabuni, nywele za kahawia zikielea juu yake. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amechuchumaa pembeni na wenzake wawili wa ploti, ameshika makasi yangu ya kushonea. Ndani ya beseni, imelowa chapachapa, ilikuwa ngozi ya Gogo.

Gogo ni mama mkwe wangu. Alikuwa ameteremka kutoka Kuresoi kuja kuangaliwa macho, na popote alalapo hubeba ngozi hiyo, ameiviringisha na kuifunga kamba. Ni ya fahali aliyechinjwa mwaka aliozaliwa mume wangu. Kule juu baridi hupanda kutoka sakafuni hadi kwenye mifupa, na watoto sita wamekulia juu ya ngozi ile. Godoro letu alilibonyeza mara moja kwa kiganja, akatandika ngozi yake chini.

Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia. Mtoto hakukimbia. Alinionyesha vipande vitano vya pembe tano, vimekatwa vizuri kuliko nilivyotarajia, akasema, "Mama, tunatengeneza gozi. Vinatakiwa hivi kumi na viwili, halafu ishirini vya pembe sita."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mpira wa vipande 32 hushonwa hivyo hivyo.

Jana yake tulikuwa tumeizunguka redio sote, Gogo akiwa katikati. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, iliifunga Moroko 1-0 pale Kasarani, bao la Ryan Ogam, na kipindi kizima cha pili walicheza wakiwa kumi. Dakika zile za mwisho sikumbuki kama nilipumua. Na kila mpira ulipopigwa mbali, mtangazaji alilitaja gozi la ng'ombe: limepaa, limetua, limedakwa. Mtu anayetangazia wasioona uwanja hawezi kusema "mpira" kwa dakika 90. Lazima awe na majina ya kubadilisha. Soka tumelipokea kutoka Uingereza. Kabumbu na kandanda nayapenda kwa mlio wake. Lakini gozi ndilo ninalolishika mkononi. Kiswahili kimeidondosha n ya ngozi na kitu kikakua, kama ndege anavyokuwa dege na ngoma ikawa goma. Ukilisikia, unauona mshono na unausikia uzito wake kifuani mwa beki.

Sasa, ni nani aliyemweleza mtoto kwamba ni jina tu? Mimi sikumweleza. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Agosti 28, 2017, hata juala la kufungia mpira limekuwa adimu, na hawa wa kwetu hucheza boli ya matambara inayokunywa maji kila mvua inaponyesha. Akasikia mabingwa wanachezea ngozi ya ng'ombe. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa chumbani.

Gogo alirudi saa saba na mume wangu, jicho moja limefungwa bandeji. Aliinama juu ya beseni, akapapasa tundu moja baada ya jingine. Nilitamani aseme neno lolote.

"Nani alikwambia?"

"Redio, Gogo."

Akaketi kwenye kigoda. "Babu yako alikuwa na moja," alisema baadaye. "La ngozi kweli. Tulilipaka mafuta ya ng'ombe lisikauke. Akienda Afraha kuwatazama All Stars, anarudi usiku, anatusimulia mpaka moto unazimika." Hao ndio Nakuru All Stars waliotwaa ligi ya taifa ya kwanza, mwaka 1963, wakaitwaa tena 1969. "Lakini hakukata kitanda."

Hapo ndipo mtoto alipolia.

Mume wangu aliipeleka ngozi kwa fundi wa viatu, pamoja na vile vipande vitano. Fundi alicheka kwanza, kisha akaeleza, huku akivuta uzi, kwamba Kombe la Dunia lilikwisha kuachana na ngozi tangu 1986 kule Mexico, ulipoletwa mpira uitwao Azteca. Ng'ombe alitoka mpirani, jina likabaki. Alikirudisha kila kipande mahali pake kwa mshono mnene, wa juu kwa juu.

Usiku Gogo alijilaza, akageuka, akainuka. Mshono ulikuwa ukimchoma mbavuni. Tuliizungusha ngozi viraka vikae miguuni, na mwanangu akalala hapo chini, kichwa karibu na viraka.

Agosti 22, Madagascar walitutoa mashindanoni kwa penalti. Gogo alikuwa amesharudi Kuresoi. Simu ililia kabla hatujazima redio, akataka mjukuu wake. Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona akitikisa kichwa kwa muda mrefu, akajifuta pua, kisha akauliza kama ngozi bado inanuka sabuni.