Barua kwa Hazina Kuu: Eastlands Imepata pa Kubana

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Jengo la Hazina, Harambee Avenue, Nairobi.

Wazazi wa Eastlands, kuanzia Shauri Moyo hadi Kayole mwisho, wanakuandikia. Hawajasahau Alhamisi ya tarehe 24 Julai 2025, ulipoketi mbele ya kamati ya elimu ya Bunge la Taifa ukasema, bila kupepesa macho, kwamba serikali haimudu tena kumlipia mwanafunzi wa sekondari shilingi 22,244 kwa mwaka, na kwamba uwezo wake unakomea kwenye 16,900 hivi. Wakubwa wenzako wakakimbilia vipaza sauti kuapa kwamba elimu ingali ya bure. Eastlands haikukasirika. Ilishangaa tu kusikia ukweli ukitoka serikalini bila mtu kushurutishwa na mahakama, ikaona si vizuri kumwacha msema kweli ahangaike peke yake. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza, uondoe wasiwasi: kazi kubwa ya kubana matumizi imeshafanyika, ila haikufanyikia ofisini kwako. Januari 2003 Rais Kibaki alipofuta karo ya shule za msingi, wanafunzi walifurika kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na kila mmoja akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Leo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, mgao huo ni 1,420. Weka mishahara ya walimu kando, gawa 1,420 hizo kwa siku za masomo, na unapata kama shilingi 8 kwa siku. Andazi moja kibandani ni shilingi 10. Mtoto wa darasa la nne anasoma siku nzima, chaki na maji ya choo yakiwemo, kwa pesa zisizotosha andazi. Wachumi waje Jericho kujifunza.

Anayefidia pengo hilo anajulikana. Siku ya kufungua muhula wa kwanza, kwenye lango la shule ya umma mtaani, utamkuta mwalimu amekaa na kaunta buku iliyochorwa safu kwa rula: rimu ya karatasi, tishu, fagio, sabuni ya unga. Mama aliyeshuka matatu na rimu kwapani anawekewa alama ya tiki. Aliyeleta fagio lisilo na mpini anaandikiwa deni la mpini. Risiti hakuna, kwa kuwa kisheria hakuna kilicholipwa; karo ilifutwa 2003. Kisha rimu hiyo inachapisha mtihani wa kati ya muhula, na mtoto anatumwa nyumbani kuleta pesa za mtihani.

Walimu nao wamechangia. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya msingi amekuwa akipokea kama shilingi 17,000 mkononi kwa mwezi, akifundisha hisabati, sayansi na chochote kingine kisicho na mwalimu. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema mpango huo haukuwa halali. Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu, na papo hapo wengine wapya wakaingizwa kwa mtindo ule ule. Mtu anayelipa bedsita Umoja, nauli ya Jogoo Road na mkopo wa chuo wa HELB kwa 17,000 apewe idara nzima pale Hazina, maana anajua mambo ambayo washauri wa IMF hawayajui.

Ukitaka kubana zaidi, mifano ya nje ipo. Jimbo la Hawaii kule Marekani, katika mwaka wa masomo wa 2009–2010, lilifunga shule Ijumaa 17 ili kuokoa pesa. Wazazi wakaja juu, wengine wakakita kambi ofisini kwa gavana. Hapa kwetu Ijumaa inaweza kufungwa, lakini kuna kikwazo kimoja kidogo: tangu 2023 maelfu ya watoto wa shule za umma Nairobi hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5 kupitia mpango wa Dishi na County. Ukimfungia mtoto shule umemfungia sahani, na Eastlands si Hawaii kwamba mtoto atachuma embe barabarani.

Ila bangili ya Dishi, Mheshimiwa, itazame vizuri. Mzazi anaijaza pesa kwa simu, mtoto anaigusisha kwenye kifaa, anapakuliwa wali na maharagwe. Ni raba ya mkononi tu, lakini inajua saa saba mchana ni nani yuko shuleni na nani hayupo. Sasa linganisha na mitambo ya wizara. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu, uliofika Bungeni 2025, ulikuta pesa za mgao zimetumwa kwa shule zisizokuwepo, huku zilizopo zikipunjwa jumla ya shilingi bilioni 117 katika miaka minne. Na kwa miaka mingi mfumo wa kusajili wanafunzi, NEMIS, ulidai cheti cha kuzaliwa, hivi kwamba mtoto wa Korogocho aliyekaa dawatini na kamasi puani, akipiga chafya, hakuhesabika kwa kukosa karatasi. Shule isiyo na hata tofali ilionekana, mtoto mwenye miguu miwili hakuonekana. Kuna haja gani ya kumpunguzia mwanafunzi halisi shilingi 5,344 kabla shule hewa hazijapunguziwa hata senti?

Pendekezo kuu la Eastlands basi ni hili: mgao wote ukabidhiwe makanga wa nganya za Buruburu na Umoja. Hakuna anayemshinda kwa hesabu. Gari limejaa, muziki unapasua masikio, yeye ananing'inia mlangoni, na bado anajua kwamba kiti cha tatu dirishani hakijalipa na kwamba yule wa nyuma anadai chenji ya hamsini. Abiria hewa hawamo katika msamiati wake. Jioni akipungukiwa, tajiri haundi tume. Anakata kwenye malipo ya siku hiyo hiyo. Makanga akikuta shule isiyokuwepo, ataishusha steji inayofuata.

Na wakati bajeti ya elimu ya 2025/26, shilingi bilioni 702.7, ikikosa pesa za mitihani ya kitaifa hadi wabunge walipotafuta bilioni 5.9, rangi ya kuandika majina ya wabunge hao kwenye kuta za madarasa ya mfuko wa NG-CDF haikukosekana hata siku moja. Mahali pengine jina la mheshimiwa liko mpaka kwenye mlango wa choo. Kopo la rangi hiyo lingenunua rimu ngapi, makanga atakuambia kabla ya gari kufika Donholm.

Mwisho, hesabu. Wazazi wamejumlisha rimu, tishu, sabuni, mafagio na mipini yake tangu 2003, na wanaomba kurejeshewa. Hawadai riba wala hawana haraka. Hazina ilipe kwa utaratibu wake yenyewe: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Kama kawaida, ya muhula wa tatu wanajua itachelewa.

Wako watiifu,
Wazazi wa Eastlands