Fulana Kwanza, Sababu Baadaye

Kundi la WhatsApp likitimiza miaka kumi pale Mwanza, kamati huundwa kabla ya sababu. Hupatikana mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mshereheshaji, na mheshimiwa mmoja asiyejua kundi ni la nini ila amekubali kuwa mgeni rasmi. Kisha hushuka orodha ya ahadi. Kila mjumbe huinakili, huongeza jina lake, huirudisha. Aliyelipa hubandikiwa alama ya vema, asiyelipa hubandika makofi. Makofi hayana makato ya muamala.

Wiki mbili hubishaniwa rangi ya fulana. Sato wa kuchoma ndiye pekee anayepita bila kupingwa.

Wakati huohuo, nje kidogo ya jiji, Bujora ya Kisesa, wapo wakongwe wa shughuli hii. Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vinavyobeba urithi wa waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wanachuana kizazi baada ya kizazi. Kila Juni, kwenye Bulabo, sherehe iliyofungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi, ngoma mbili hulia kwa wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia panaponoga. Penye umati ndipo penye ushindi. Ndiyo maana mchezaji huja na chatu shingoni: watu hawavutwi kwa kumbukumbu za kikao.

Fulana za kundi, kwa kawaida, hufika siku mbili baada ya sherehe.