Jinsi ya Kuunda Mashua ya Mbio ya Rimoti Ukiwa Dumila

Ukitangaza nia yako, watu wa Dumila watakuuliza swali moja la kukatisha tamaa: maji yako wapi? Usilijibu. Kiangazi kikikolea, Mto Mkundi huwa na mchanga wa kutosha kujengea shule. Mvua zikianza, mto huohuo haufai kuchezewa: Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja, barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Kwa hiyo una majuma machache kati ya mchanga na balaa. Anza kazi sasa.

Kwanza bodi. Pwani wana maseremala wa majahazi. Wewe una fundi vitanda. Mpelekee mchoro wa mashua ya sentimita 60, chini iwe na umbo la V, plaiwudi ya milimita 3. Atautazama kwa heshima, kisha atauliza, "Bosi, hii ni tano kwa sita au sita kwa sita?" Mwambie ni kitanda cha mtoto. Vipande vitashikwa vizuri zaidi, na bei itapungua.

Mota iwe ya umeme, isiyo na brashi. Ya 2000 KV, yaani mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti, ikipata volti 11.1 huzunguka zaidi ya mara 22,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Injini ya bodaboda haifiki hata nusu ya hapo, lakini usimwambie dereva wake, atataka mkashindane. Betri ni ya lithiamu yenye seli tatu. Fundi simu atasema anaweza kuichaji kwa waya mbili na imani. Mshukuru, ondoka nayo. Betri hizi zikichajiwa ovyo huwaka moto, kwa hiyo tumia chaja yake maalumu inayosawazisha seli, na usiichaji chumbani unapolala.

Mota ya namna hii hupata joto kali. Omba kwa fundi friji kipande cha mrija mwembamba wa shaba, uzungushe kwenye mota. Maji yaingie nyuma karibu na usukani, yapoze, yatokee ubavuni. Watazamaji watasema mashua inakojoa. Waache, ndiyo dalili kwamba kila kitu kiko sawa. Siku isipokojoa ndipo ukimbie kuizima.

Panga uzito kabla ya kupaka rangi. Mashua ikiwekwa juu ya kidole, isawazike kwenye kama asilimia 30 ya urefu wake kutoka tezi. Ukijaza betri omoni, itapiga mbizi kama mvuvi.

Rimoti hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na maji huyameza mawimbi hayo, kwa hiyo antena ikae juu. Hapo ndipo mzee mmoja atanong'ona kwamba ndani mna jini. Usimcheke. Nikola Tesla alipoonyesha mashua yake ya kuongozwa kwa redio huko New York mwaka 1898, kuna waliodhani ni uchawi, na hao walikuwa wamelipa kiingilio.

Mbio zenyewe hazina shida. Ukishakuwa na mashua moja, tayari wewe ni bingwa wa wilaya nzima ya Kilosa. Ukitaka ushindani, kuna bata.

Betri itakata katikati ya mto, kwa kuwa haijawahi kukata ukingoni. Usiifuate kwa kuogelea, wala usimtume mtoto: maji haya yanakwenda Mto Wami, na Wami una mamba na viboko. Funga mpira wa tenisi kwenye mshipi wa kuvulia, urushe ng'ambo ya mashua, uvute taratibu. Beba mipira miwili. Wa kwanza ukitoka majini tu, watoto watakuwa wameshagawana timu za rede.